Shajara ya mradi: pete za alumini za kupunguza ukinzani wa hewa kwenye magurudumu ya Nissan Leaf

Februari, kabla ya kukata chochote

Gari ni Nissan Leaf ya kizazi cha kwanza, ile ambayo betri yake ilikuwa ya kilowati-saa 24 ilipotoka kiwandani. Liliingia nchini likiwa limetumika Japani, kama Leaf nyingi zinazotembea Nairobi. Betri hiyo haina maji wala feni ya kuipoza, na umri wake unaonekana: safari ambayo mwenye gari jipya huianza bila kufikiri, mwenye gari kuukuu huipigia hesabu tangu usiku uliotangulia. Hapo ndipo mradi huu ulipozaliwa. Natafuta nguvu inayopotelea hewani, na nimeamua kuanzia kwenye magurudumu.

Kwa nini magurudumu? Umbo la bodi wahandisi walishalishughulikia. Nissan walitangaza namba ya ukinzani wa hewa, ile inayoandikwa Cd, ya 0.29 kwa Leaf ya kwanza. Jarida la Marekani la Car and Driver lilipoiweka kwenye handaki la upepo mwaka 2014 lilipata 0.32, huku Tesla Model S ikipata 0.24 katika jaribio hilo hilo. Paa, kioo cha mbele na mgongo wa gari siwezi kuvigusa. Magurudumu naweza.

Na magurudumu ndiyo sehemu yenye fujo zaidi. Wahandisi wengi huyahesabia, pamoja na mapango yanamokaa, takriban robo ya ukinzani wote wa gari. Fikiria gari likienda kilomita 100 kwa saa. Sehemu ya tairi inayogusa lami imetulia kabisa ukiilinganisha na barabara, na sehemu ya juu ya tairi hilo hilo inakwenda mbele kwa kilomita 200 kwa saa. Pale tairi linapokutana na lami, hewa haina pa kwenda, hubanwa na kutoka pembeni kwa michirizi ya kasi. Katikati, spoki za rimu huzunguka kama pangaboi, zikivuta hewa kutoka ndani ya pango na kuitupa nje ubavuni. Hewa iliyokuwa ikiteleza vizuri kando ya gari hukutana na hiyo inayotupwa, hubanduka kwenye bodi, na kuacha nyuma mizunguko ambayo injini, kwa upande wetu mota, ndiyo inayoilipia.

Wazo la kufunika rimu ni la zamani. Dean Moon wa California aliuza sahani za alumini tangu miaka ya 1950 kwa watu waliokwenda kukimbiza magari kwenye uwanda wa chumvi wa Bonneville, kule Utah. Gari la umeme la General Motors, EV1 la mwaka 1996, lilifunikwa magurudumu ya nyuma na bodi yenyewe, na Cd yake ikashuka hadi 0.19. Tesla Model 3, iliyoanza kuuzwa 2017, huja na vifuniko vya plastiki juu ya rimu za inchi 18. Car and Driver waliliendesha gari hilo likiwa na vifuniko na likiwa bila vifuniko, wakaona tofauti ya takriban asilimia 3 ya matumizi ya umeme. Namba hiyo naiweka mezani mapema ili asije mtu akatarajia miujiza.

Februari, hesabu

Nachukua Cd ya 0.30, uso wa mbele wa gari wa mita za mraba 2.3, na uzito wa kilo 1,600 dereva akiwemo. Kitu cha nne kinachohitajika ni uzito wa hewa yenyewe, na hapo Nairobi ina habari yake. Jiji liko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Mita ya ujazo ya hewa yetu ina uzito wa takriban kilo 0.98 kukiwa na nyuzi 20 za sentigredi. Mombasa, kwenye nyuzi 30, ni takriban kilo 1.16. Gari lile lile, likienda kwa kasi ile ile, husukuma hewa nyepesi zaidi Nairobi kwa karibu asilimia 16.

Kwa kilomita 100 kwa saa, hewa ya Nairobi hulizuia gari kwa nguvu ya nyutoni 260 hivi. Hiyo ni wati-saa 72 kwa kila kilomita. Tairi zenyewe, kwa kujikunja zikigusa barabara, hula kama wati-saa 44. Ukishuka hadi kilomita 50 kwa saa, tairi hubaki pale pale lakini hewa huanguka hadi wati-saa 18, kwa sababu ukinzani wa hewa hufuata kasi ikizidishwa kwa yenyewe.

Sasa tuseme kifuniko kizuri kinapunguza Cd kwa 0.01, yaani kutoka 0.30 hadi 0.29. Kwa kilomita 100 kwa saa unaokoa wati-saa 2.4 kwa kilomita. Ukijumlisha kinachopotea kwenye mota na vifaa vya umeme, unaweza kusema karibu asilimia 2 ya matumizi ya gari. Betri iliyochoka ambayo inakupa kilomita 100 kwenye barabara kuu itakupa 102. Ndani ya jiji, kwenye msongamano wa Waiyaki Way au Jogoo Road, usitegemee kitu.

Nimekaa na hesabu hii kabla ya kuendelea, kwa sababu inauliza swali la haki: je, kilomita mbili zina thamani ya kazi yote hii? Kupunguza mwendo kutoka 100 hadi 90 huokoa wati-saa 14 kwa kilomita, karibu mara sita ya vifuniko, na hakugharimu shilingi. Kuishusha keria isiyotumika kutoka kwenye paa pia ni bure. Mwenye kutaka kilomita nyingi kwa haraka aanze na hayo mawili, kisha upepo wa tairi uwe sawa. Vifuniko vinakuja baada ya hapo. Lakini vikishafungwa havikuombi chochote tena: havimtaki dereva awe mvumilivu, na hufanya kazi katika kila safari ya barabara kuu hadi gari litakapouzwa. Kwa gari linalokwenda Naivasha au Nyeri mara kwa mara, naona inastahili. Na kuna jambo jingine: nataka kifaa hiki kitengenezwe hapa, kwa vitu vya hapa, kwa barabara za hapa.

Machi, sahani au pete

Tairi la Leaf hii ni 205/55 R16. Kipenyo chake chote ni milimita 632, na ukingo wa nje wa rimu una kipenyo cha milimita 440 hivi. Hiyo ndiyo sahani tunayoizungumzia. Nati ni tano, zimepangwa kwenye duara la milimita 114.3.

Jambo la kwanza la kuamua lilikuwa kama nizibe rimu yote au sehemu. Sahani nzima ndiyo rahisi kuchora na ndiyo watu wengi hukimbilia. Mimi sikuipenda tangu mwanzo. Inaficha nati, na nati zisizoonekana hazikaguliwi. Inaziba njia ya hewa ya breki. Inamfanya fundi wa pancha pale kando ya barabara aanze kuifungua kwa bisibisi bila kujua imeshikwa wapi.

Hesabu ya duara ndiyo iliyonipa jibu. Eneo la duara liko zaidi pembeni kuliko katikati, na kasi ya spoki pia ni kubwa pembeni kuliko katikati. Ukiacha tundu la milimita 180 katikati, bado umefunika asilimia 83 ya eneo lote la rimu. Tundu hilo linatosha nati zote tano na soketi ya spana kuingia bila kugusa kitu. Breki zinapata hewa. Polisi wa barabarani akitaka kuona nati, anaziona. Kwa hivyo ni pete, na kuanzia hapa nitaiita pete.

Mfano wa kwanza nilikata kwenye plastiki ile yenye mifereji ndani, inayotumika kwa mabango ya wagombea wakati wa uchaguzi. Inakatwa kwa kisu, ni nyepesi, ni rahisi, na ukikosea kipimo huumii mfukoni. Niliishika kwenye spoki kwa vibana vya plastiki. Haifai kudumu, ila kwa kutafuta umbo ni nzuri mno, na ninampendekezea kila anayeanza.

Printa ya 3D niliiacha kwa makusudi. Plastiki ya PLA, ambayo wengi huchapisha nayo, hulegea kwenye nyuzi 60 hivi. Rimu iliyosimama juani baada ya breki kufanya kazi inaweza kufika huko. Zipo plastiki zinazostahimili zaidi, kama ASA inayofika karibu nyuzi 100, lakini kipande cha milimita 440 hakiingii kwenye printa nyingi, na ukikiunganisha kwa vipande umejiletea viungo vya kuvunjika.

Machi, nyuzi

Kabla ya kupima umeme nilitaka kuiona hewa kwa macho. Nilikata nyuzi za sufi nyekundu, urefu wa kidole, nikazibandika kwa mkanda kuanzia nyuma ya gurudumu la mbele hadi mlango wa nyuma, kwa safu. Mke wangu aliendesha gari la pili sambamba nasi kwenye barabara ya njia mbili-mbili, na kijana wetu akarekodi kwa simu kutoka kiti cha nyuma cha gari hilo la pili.

Bila pete, nyuzi za chini nyuma ya gurudumu la mbele zilikuwa zikipigapiga, nyingine zikigeuka kabisa na kuelekea mbele. Hapo hewa imebanduka. Zile za juu, usawa wa kitasa cha mlango, zililala zimetulia. Tulipofunga pete, eneo la fujo halikuisha, ila lilijikunja likawa fupi: nyuzi za safu ya kwanza ziliendelea kupigapiga, za safu za nyuma yake zikatulia. Michirizi ile inayotoka pale tairi linapogusa lami pete haiwezi kuigusa, na video ilionyesha hivyo. Kinachopungua ni hewa inayotupwa na spoki.

Kitu kingine kilichoonekana ni mwanya. Pete ilipokaa milimita tano au sita mbali na ukingo wa rimu, nyuzi zilipigapiga karibu sawa na bila pete. Ilipobanwa hadi ikagusa ukingo, zikatulia. Ukingo wa nje ndio wenye kazi. Mtu akiwa na muda wa kufanya jambo moja tu vizuri kwenye kifuniko cha gurudumu, afanye huo ukingo ukae sawa na rimu bila mwanya na bila kutokeza nje ya shavu la tairi.

Machi na Aprili, kupima

Hapa ndipo mradi ulipokula muda, na hapa ndipo ninapotaka kukaa zaidi, kwa sababu madai mengi kuhusu vifuniko huporomoka kwenye kupima.

Njia ya kwanza ni kuliachia gari litambae. Unafika kilomita 90 kwa saa kwenye barabara tambarare, unaweka gia ya N, unapima sekunde hadi 70. Kwa namba zangu, Leaf inapaswa kuchukua sekunde 27 hivi. Pete ikipunguza Cd kwa 0.01, muda huo unaongezeka kwa chini ya nusu sekunde. Nusu sekunde katika 27! Kidole kwenye saa ya simu kinaweza kukosea kwa kiasi hicho.

Na kidole ndiyo shida ndogo. Barabara inayoinuka mita moja kwa kila kilomita, mwinuko ambao jicho haliuoni, hulivuta gari kwa nyutoni 16 hivi. Pete inaokoa nyutoni 5 au 6 kwa kasi hiyo. Upepo wa mbele wa mita moja kwa sekunde, ule usiotikisa hata majani ya mgomba, huongeza ukinzani kwa karibu asilimia 9, nao ni nyutoni 15. Hewa ikipata joto kwa nyuzi tatu, uzito wake hupungua kwa asilimia moja. Tairi zikiwa baridi asubuhi hujikunja kwa ugumu, zikipata moto hulainika na ukinzani wao hushuka. Kila kimoja cha vitu hivi kinaweza kumeza kile unachokitafuta.

Utaratibu nilioufuata ni huu. Tulikwenda barabara ya Namanga, nyanda za baada ya Kitengela, Jumapili alfajiri kabla malori hayajaamka na upepo haujaanza. Tairi zote zilitiwa upepo hadi psi 36, kama kibandiko cha mlangoni kinavyosema, zikiwa baridi. Gari lilitembea kwanza nusu saa ili tairi na beringi zipate moto. Kila kipimo kilifanywa kwenda na kurudi kwenye kipande kile kile, ili mwinuko ujifute wenyewe. Tulianza bila pete, tukafunga pete, kisha tukazitoa tena. Mzunguko wa mwisho bila pete ukitofautiana na wa kwanza, basi hali ya hewa imebadilika na kazi ya asubuhi hiyo haina thamani. Muda haukupimwa kwa kidole bali kwa programu ya simu inayorekodi kasi ya GPS.

Nilitumia pia Leaf Spy, programu inayosoma namba za betri kupitia kifaa kidogo kinachochomekwa chini ya usukani. Inaonyesha umeme uliotumika kwa uwazi kuliko dashibodi. Kidhibiti mwendo kikiwekwa kwenye 90, kwenda na kurudi, unapata wastani unaofaa kulinganishwa.

Matokeo: asubuhi za hewa tulivu, gari lenye pete lilitambaa kwa muda mrefu zaidi, kwa sehemu chache za kumi za sekunde, na mwelekeo huo ulijirudia. Asubuhi zenye upepo, namba zilitawanyika hadi huwezi kujua lipi ni lipi. Leaf Spy ilielekeza upande huo huo. Ninachoweza kusema kwa uaminifu ni kwamba pete zinasaidia, na kwamba msaada wake uko karibu na ule wa hesabu, yaani asilimia moja au mbili kwa mwendo wa barabara kuu. Zaidi ya hapo siwezi, kwa vifaa nilivyo navyo. Anayetangaza asilimia 10 kwa kuangalia kilomita zilizobaki kwenye dashibodi hajapima kifuniko. Amepima upepo, mteremko na mguu wake mwenyewe.

Aprili, Kamukunji

Umbo limepatikana, sasa mali ya kudumu. Alumini ya unene wa milimita moja inatoa pete ya gramu 340 hivi. Faibaglasi ya milimita mbili ni nzito kidogo kuliko hiyo, haishiki kutu wala haibonyei, lakini inataka kalibu, resini na mikono iliyozoea. Nilichagua alumini kwa sababu moja kubwa: Kamukunji wako watu waliokunja bati maisha yao yote.

Fundi niliyempata hutengeneza masanduku na sufuria. Nilimpa karatasi yenye mchoro na pete ya plastiki. Aliizungusha mkononi, akapitisha kidole gumba kwenye ukingo.

"Mkubwa, huu ukingo ukiuacha hivi utamkata mtu wa kutia upepo. Na ukigonga jiwe unapinda."

"Unaonaje, fundi?"

"Tunaukunja kwa ndani. Kama karai, lakini bila waya. Unakuwa mgumu na hauna makali."

Mkunjo huo wa milimita nane ulibadilisha kifaa chote. Pete iliyokuwa ikitetemeka ukiigonga ikawa imara. Ukingo wa mviringo uliokunjwa pia umekaa vizuri zaidi kwenye mdomo wa rimu kuliko bati lililokatwa. Kisha akaupa uso wake mbinuko mdogo kwa rungu la mti juu ya mfuko wa mchanga, ili uwe mgumu bila kuongeza unene. Nilimsisitizia kwamba mbinuko usizidi shavu la tairi, kwa sababu ukitokeza nje, siku ya kwanza ya kuegesha kando ya ukingo wa barabara ndiyo siku yake ya mwisho.

Kushika pete kwenye rimu ndiyo sehemu isiyo na mzaha. Kwa kilomita 100 kwa saa gurudumu linazunguka mara 14 kwa sekunde. Kitu kilichofungwa kwenye ukingo wa rimu huvutwa nje kwa nguvu ya zaidi ya mara 170 ya uzito wake. Skrubu ya gramu 10 inavuta kama mzigo wa kilo 1.7. Pete ikikaa milimita tatu nje ya kitovu, gurudumu linatikisika kana kwamba umebandika kipande cha madini ya risasi cha gramu tano upande mmoja. Kwa hiyo:

Hakuna kitu kinachoingia chini ya nati za gurudumu. Nati hubana rimu dhidi ya kitovu, na bati laini katikati yake litalegea na nati zitafuata. Nimeona watu wakifanya hivyo na ninawaomba waache.

Pete inashikwa na ndoano tano za chuma kisichoshika kutu, kila moja ikipita nyuma ya spoki na kukazwa kwa skrubu kutoka mbele. Kati ya ndoano na spoki kuna mpira wa tubu kuukuu. Mpira huo unazuia kukwaruza, na pia unatenganisha alumini na chuma. Metali hizi mbili zikigusana kwenye maji, hasa ya chumvi, alumini huliwa, na mtu wa Mombasa ataliona hilo mapema kuliko mimi. Kila nati ya skrubu ina plastiki ndani inayoizuia kulegea. Hata ndoano moja ikikatika, nne zilizobaki zinaibakiza pete mahali pake.

Tundu dogo limetobolewa usawa wa vali. Bila hilo kila kutia upepo kungekuwa kazi ya spana, na mtu angeacha kutia. Gurudumu lote, pete ikiwa juu, lilipelekwa kwenye mashine ya kubalansi, si rimu peke yake.

Pete zimepakwa rangi nyeusi isiyong'aa. Alumini inayong'aa kwenye gari lililoegeshwa usiku ni mwaliko.

Aprili, mvua

Mvua za masika zimefika na barabara ya kuingia kwetu haina lami. Matope huingia kupitia tundu la katikati, hurushwa pembeni na kukusanyika nyuma ya pete, kwenye kona ya mdomo wa rimu. Yakikauka upande mmoja, usukani unatetemeka ukifika 80. Rimu iliyo wazi hujisafisha yenyewe kwa kiasi, iliyofunikwa haifanyi hivyo.

Tumetoboa mianya mitano ya milimita sita kwenye mkunjo wa ukingo, kati ya ndoano, ili maji na tope laini litoke kwa nguvu ile ile ya mzunguko. Kokoto ndogo bado hukwama na kulia. Baada ya kila njia ya matope napitisha maji ya mpira kupitia katikati. Anayeishi kwenye udongo mwekundu kila siku atafikiria kufunga pete za kiangazi tu, na hatakuwa amekosea.

Mei, mteremko wa Mai Mahiu

Swali la breki halikuweza kusubiri. Gari la umeme hupunguza mwendo kwa kuirudisha nguvu kwenye betri, na breki za sahani hufanya kazi kidogo kuliko kwenye gari la petroli. Ila betri ikiwa imejaa haipokei, na mteremko wote unaangukia breki. Gari la kilo 1,600 likishuka mita 100, kuna nguvu ya kilowati-saa 0.44 ya kuondoa. Karibu nusu yuniti ya stima, yote ikawa moto kwenye sahani nne. Mtu anayechaji Limuru hadi mwisho kisha akashuka bondeni anakutana na hali hiyo hasa.

Tulichaji juu, tukashuka kwa barabara ya zamani ile iliyojengwa na wafungwa wa kivita Waitaliano, ambao kanisa lao dogo la mwaka 1942 bado liko kando ya njia. Chini kabisa tulisimama na kupima sahani za mbele kwa kipimajoto cha miale. Kuna tahadhari hapa: chuma king'aacho hukidanganya kipimajoto hicho, kinasoma joto dogo kuliko lililopo. Tulipaka doa la rangi nyeusi ya kustahimili moto katikati ya sahani, pale pedi zisipogusa, na kupima hapo tu.

Tulilinganisha rimu wazi, pete, na sahani nzima ya plastiki iliyozibwa kabisa. Kati ya rimu wazi na pete sikuweza kuona tofauti ya kuaminika. Sahani iliyozibwa ilikuwa na joto zaidi, na plastiki yake ilikuwa imeanza kujikunja karibu na kitovu. Kwangu swali la pete au sahani limefungwa hapo, hata kama handaki la upepo lingeipa sahani alama ya ziada.

Juni, hali ilivyo

Pete nne ziko kwenye gari. Moja ya kushoto mbele ina mkwaruzo wa ukingo wa barabara na imebaki kwenye umbo. Ndoano hukaguliwa kila tairi zinapotiwa upepo, na nati za rimu zinaonekana muda wote, jambo ambalo linanipa amani kuliko kilomita zenyewe.

Mwenye Leaf anayetaka kuiga apime rimu yake kwanza, kwa sababu mdomo wa rimu hutofautiana hata kwa ukubwa ule ule wa inchi 16: kipenyo cha nje, kina cha spoki kutoka mdomo, na mahali pa vali. Akishazipata namba hizo tatu, fundi yeyote mzuri wa bati anaweza kumkatia.

Leaf za daraja la chini zilikuja na rimu za chuma na vifuniko vya plastiki, ambavyo vingi vimeshapotea au kuvunjika. Rimu hizo hazina spoki za kushika ndoano, zina matundu tu. Fundi wa Kamukunji tayari ameomba aletewe moja ili aone ndoano iingie vipi, na ninaitafuta Kirinyaga Road wiki hii.